Faili Lililonyamaza Halijafa

Kwa shangazi yangu, Tanga, kuna bati la biskuti lenye kaseti 23. Mojawapo imeandikwa kwa wino wa buluu: "Harusi, upande wa kwanza, 1987." Baba mdogo ndiye aliyeirekodi, redio kaiweka juu ya kiti karibu na wapiga ala. Ndani yake mna taarabu ya usiku kucha, vigelegele, na kabla ya hayo yote mna sauti ya bibi yetu akimwombea dua binti yake aliyekuwa akiolewa. Bibi ametangulia mbele ya haki zamani. Sauti yake hatuna mahali pengine popote.

Mwaka jana tuliamua kuihamishia kaseti ile kwenye kompyuta ya mezani iliyopo sebuleni. Waya ukatoka kwenye redio ukaingia nyuma ya kompyuta, programu ikaanza kurekodi, tukakaa kusikiliza. Shangazi alilia kwenye ile dua. Dakika ya 41 umeme ulikatika. Uliporudi, redio ilimeza kanda: ilikatika mahali pawili, na kipande cha katikati kikakunjamana kama uzi wa kitambaa kilichochanika. Tukakimbilia kompyuta. Faili lilikuwapo. Tulipolifungua kwenye programu ya kuchunguza sauti kwa picha, kioo kilikuwa cheusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mahali pa muda palikuwa na sifuri tupu.

Mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye mjuzi wa kompyuta pale nyumbani, alishusha pumzi. "Mama mdogo, faili hili limekufa. Tulifute tupate nafasi, halafu tumtafute fundi wa ile kaseti."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe. Nilimwomba angoje.

Naandika makala haya kwa sababu ya ule mkono. Naamini kuwa katika nyumba nyingi za kwetu sauti za wazee zinapotea siku ambayo mtu mwenye nia njema anatazama kioo cheusi na kuhukumu kwamba hakuna kitu. Upande wa pili, naamini tunapoteza sauti nyingine kwa kosa lililo kinyume chake: faili linafunguka vizuri, lina jina zuri, tunaliamini bila kulichunguza, kisha tunatupa kanda yake. Ninalotaka kusema ni hili: faili lililokataa kufunguka halijafa, na faili lililofunguka si lazima liwe zima. Kati ya hukumu hizo mbili kuna kazi ya kutafuta ubovu hatua kwa hatua, na kazi hiyo kila mtu mwenye kompyuta nyumbani anaweza kujifunza.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Programu hizi huchora sauti. Picha inayotoka huitwa spektrogramu, na kuisoma si vigumu. Muda unatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Sauti nene zimekaa chini, nyembamba zimekaa juu, na urefu huo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde moja. Mwanga wa rangi unaeleza nguvu: penye weusi pamenyamaza, penye njano au weupe pana kishindo. Pigo la ngoma huonekana kama mti uliosimama. Mlio wa fidla huonekana kama mistari iliyolazwa, mmoja juu ya mwenziwe, mithili ya ngazi. Mwimbaji anapoitetemesha sauti mwishoni mwa ubeti, mistari ile hupinda kama mawimbi ya bahari yanavyochorwa na watoto.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier, akichunguza namna joto linavyosafiri, alionyesha kuwa umbo lenye vurugu linaweza kuchambuliwa likawa jumla ya mawimbi sahili. Miaka ya 1940 maabara za Bell huko Marekani zilitengeneza mashine ya kuchora usemi wa mwanadamu kwenye karatasi. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya kufanya hesabu ya Fourier kwa haraka sana kwenye kompyuta. Leo kazi hiyo inafanywa na kompyuta kuukuu ya sebuleni, kwa programu zisizouzwa: Spek, ambayo huchora picha ya faili zima kwa mara moja, Audacity, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kutolewa kwa umma mwaka 2000, na Sonic Visualiser, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kwa ajili ya watafiti wa muziki. Kwa hiyo zana tunazo. Tunachokosa ni subira na utaratibu pale zinapogoma.

Turudi kwenye kioo cheusi. Kabla ya kugusa chochote tulifanya jambo moja ambalo ndilo la kwanza katika kila tatizo la aina hii: tulinakili faili, tukaiweka nakala kwenye diski nyingine, tukaazimia kuichezea hiyo nakala tu. Kisha tukatazama ukubwa wa faili. Lilikuwa na megabaiti kama 434. Hapo moyo ulianza kupata joto, kwa sababu faili lenye urefu wa sifuri kweli halifiki megabaiti 434.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tulikuwa tumerekodi kwa kipimo cha diski ya CD: sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli baiti mbili, na mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Zidisha: kila sekunde ya sauti inachukua baiti 176,400. Gawanya milioni 434 kwa idadi hiyo, unapata sekunde 2,460, yaani dakika 41. Umeme ulikatika dakika ya 41. Faili lilikuwa linatudokeza kwamba huenda kila kilichorekodiwa kimo ndani. Ila programu ilikuwa haisomi hesabu hiyo. Ilikuwa inasoma kitu kingine.

Faili la sauti la aina ya WAV lina kichwa na kiwiliwili. Kichwa chake cha kawaida ni baiti 44 tu, nacho ndicho kinachotaja kipimo cha kurekodi, idadi ya mikondo, na urefu wa sauti inayofuata. Programu nyingi za kurekodi huandika urefu huo mwishoni, mtu anapobonyeza kusimamisha, kwa kuwa mwanzoni hazijui utarekodi kwa muda gani. Umeme ukikatika katikati, kiwiliwili kinabaki kwenye diski lakini kichwani kunabaki sifuri. Programu ya uchunguzi inapokuja, inasoma kichwa, inaambiwa sauti ina urefu wa sifuri, nayo inatii: inachora weusi. Chombo hakikukosea. Kilisema kweli kuhusu karatasi iliyoandikwa vibaya, na sisi tukadhani kinasema kuhusu maiti.

Dawa yake imo ndani ya Audacity, na imo kwenye programu nyingine za kuhariri pia: kuna amri ya kuingiza data ghafi, ambayo hupuuza kichwa na kuichukua kila baiti kuwa sauti. Unaiambia wewe mwenyewe kipimo: biti 16, mikondo miwili, sampuli 44,100, ruka baiti 44 za mwanzo. Jaribio la kwanza tulikosea, tukachagua mkondo mmoja. Harusi ikachezeka polepole, na sauti ya bibi ikawa nene kama ya mwanamume, kwa kuwa sampuli za kushoto na za kulia zilikuwa zinapangwa foleni moja na kuchukua muda mara mbili. Kosa hilo lenyewe lilitufundisha. Ukichagua biti 24 mahali pa 16 unapata mvumo wa maporomoko ya maji. Ukichagua sampuli 48,000 mahali pa 44,100 wimbo unakwenda mbio kidogo na sauti zinapanda. Kila kosa lina sura yake, na anayezijua sura hizo anajua arekebishe nini.

Jaribio la pili picha ilijaa. Miti ya ngoma, ngazi za gitaa, mabaka ya vigelegele yaliyopaa juu. Mwanzoni kabisa, kabla ya ala, mistari myembamba ya sauti ya mwanamke mmoja ikipanda na kushuka kwa utulivu. Shangazi aliitambua dua kwa macho kabla ya sisi kubonyeza kitufe cha kusikiliza.

Nimeeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka wasomaji wakishike. Hata hivyo kioo cheusi kina sababu nyingi, na si zote zinatokana na umeme. Nitazitaja zile zinazokutana na watu mara kwa mara.

Ya kwanza ni jina na mahali pa faili. Zipo programu zinazokwama zikikutana na herufi za Kiarabu au alama zisizo za kawaida katika jina, au njia ndefu ya folda ndani ya folda ndani ya folda. Hamishia nakala kwenye folda fupi, iite "a.wav", jaribu tena. Ni jaribio la nusu dakika, na mara nyingi linamaliza kazi.

Ya pili ni faili kuvaa jina lisilo lake. Mtu anachukua ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao husimbwa kwa kodeki inayoitwa Opus, anaubadilisha jina uishie na "mp3", kisha anashangaa kwa nini hauchoreki. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Faili hujitambulisha kwa herufi zake za kwanza: WAV huanza na RIFF, FLAC huanza na fLaC, na faili la Opus kwa kawaida huanza na OggS. Lifungue kwa programu ya kusomea maandishi ghafi, soma herufi nne za mwanzo, funga bila kuhifadhi. Umeshajua unazungumza na nani.

Ya tatu ni programu kukosa msaidizi. Baadhi hazina uwezo wa kusoma M4A au WMA mpaka zipatiwe maktaba ya FFmpeg. Nyingine huongezewa vijiprogramu vya uchambuzi, na hapo huja tatizo la biti 32 na 64: kijiprogramu cha biti 32 kinaweza kukataa kuonekana ndani ya programu ya biti 64, bila hata kutoa sauti ya kulalamika. Angalia vinalingana kabla hujalaumu kompyuta.

Ya nne ni nafasi. Ukirekodi kwa kipimo cha juu, sampuli 96,000 na biti 24 kwa mikondo miwili, saa moja inakaribia gigabaiti 2.1. Faili la WAV la kawaida haliwezi kuzidi gigabaiti 4, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 nayo haipokei faili linalozidi hapo. Kwa hiyo rekodi ya zaidi ya saa mbili hivi inaweza kugota ukutani, na unachokuta kesho yake ni faili lililokatwa au lenye kichwa kinachosema uongo. Rekodi upande mmoja wa kaseti kwa faili moja. Utalala salama.

Katika yote hayo kanuni ni moja, nayo mafundi wetu wa redio na baiskeli waliijua kabla kompyuta hazijafika: badilisha kitu kimoja tu, jaribu, kisha ndipo ubadilishe kingine. Anayebadilisha mambo matano kwa mkupuo akafanikiwa hajui kilichomponya, na akishindwa hajui kilichomzidishia ugonjwa. Tena uwe na kipimo unachokiamini. Mimi ninaweka kwenye kompyuta faili dogo nililolitengeneza mwenyewe, lenye mlio mmoja wa hezi 1,000. Programu ikigoma, nalifungua hilo. Nikiona mstari mmoja ulionyooka kwenye 1,000, najua chombo ni kizima na tatizo liko kwenye faili. Nisipouona, naliacha faili kwa amani na kukishughulikia chombo.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo nalihofia kuliko la kwanza kwa sababu halina kioo cheusi cha kutushtua. Siku hizi nyimbo za zamani za pwani zinazunguka mikononi mwetu kama mafaili yanayoitwa ya ubora kamili. Jina linaishia na FLAC, aina ya faili iliyotoka rasmi mwaka 2001, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa hata sampuli moja. Mtu akilipata anaona ameokota lulu. Anapeleka kanda zake jalalani, kwani "ninazo zote kwenye kompyuta, tena za FLAC."

FLAC ni mtungi. Mtungi hauhakikishi maji. Ukichukua MP3 iliyokwisha kubanwa na kuitia ndani ya FLAC, kilichotupwa hakirudi. Ufundi wa MP3, uliokuzwa Ujerumani na watafiti wa Fraunhofer huko Erlangen, ni wa akili sana: huondoa kile ambacho sikio halitakikosa kwa urahisi. Lakini huacha kovu. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde mara nyingi hukatwa kwenye hezi kama 16,000, na ya kilobiti 320 kwenye kama 20,000. Kwenye picha ya sauti utaona paa: chini yake rangi, juu yake weusi, na mpaka umenyooka kama uliokatwa kwa msumeno. Sauti ya CD inaweza kufika hezi 22,050. Wimbo unaodaiwa kutoka CD ukiwa na paa la 16,000 kuanzia mwanzo hadi mwisho, uulize umepitia wapi.

Lakini hapa nawaomba wasomaji subira ileile tuliyolipa faili la harusi, maana ni rahisi kumhukumu asiye na hatia. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri. Ukichora nakala ya santuri ya enzi zile, utaona muziki wenyewe umekaa chini kabisa ya picha na juu yake mikwaruzo tu. Huo si ughushi, ni uwezo wa mashine za wakati ule. Kaseti nayo, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ikiwa imerekodiwa kwa redio ya kawaida, hufifia kadiri unavyopanda juu. Neno ni "hufifia": ni mteremko wa kilima, si ukuta. Kitu kilichorekodiwa kutoka redio ya FM kinaweza kuwa na ukomo kwenye hezi 15,000, kwa kuwa matangazo ya FM yenyewe huishia hapo. Paa peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Uliza chanzo kwanza, kisha utazame umbo la ukomo.

Na kabla ya kuuliza chanzo, uliza chombo. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliwahi kumsikia mtu akilalamika kwamba rekodi zake zote, hata za CD mpya, zimekatwa kwenye hezi 8,000. Mafaili yalikuwa mazima. Programu yake ya zamani ndiyo iliyokuwa imepangwa kuonyesha hadi hezi 8,000 tu, naye alikuwa hajawahi kufungua ukurasa wa mipangilio. Mwingine alikuta mabaka meusi yanakuja na kuondoka juu ya kila sentensi katika rekodi alizozihamisha kutoka kaseti. Kompyuta yake ilikuwa imewashwa kipengele cha kusafisha kelele za maikrofoni, nacho kilikuwa kinafuta pamoja na kelele pumzi za waimbaji na mlio wa matari. Hasara hiyo, tofauti na ile ya kwanza, ni ya kweli. Kazi yote ilibidi irudiwe. Namshukuru Mungu kaseti zake alikuwa hajazitupa.

Mpangilio mwingine unaofaa kujulikana ni ukubwa wa dirisha, yaani kipande cha sauti ambacho programu hukikata na kukichambua kwa mara moja. Dirisha dogo linakuonyesha kwa usahihi ni lini ngoma ilipigwa, lakini linachanganya noti zilizo jirani. Dirisha kubwa linatenganisha noti, lakini linasambaza pigo la ngoma likawa wingu. Huwezi kupata vyote viwili kwa pamoja, hiyo ni sheria ya hesabu. Kwa sampuli 44,100, dirisha la 2,048 linatenganisha masafa kwa hatua za hezi 21 hivi. Dirisha la 65,536 linashuka chini ya hezi moja.

Faida yake tuliipata kwenye kaseti ileile ya harusi. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na mara nyingi mvumo wake hupenya kwenye rekodi kama mstari mwembamba chini kabisa ya picha. Tulipopanua dirisha tuliona mistari miwili: mmoja kwenye 50 kamili, wa redio tuliyochezea mwaka jana, na mwingine kwenye 51, wa umeme wa usiku ule wa 1987. Maana yake redio ya leo na redio ya baba mdogo hazikwenda mwendo mmoja. Kanda ilikuwa inachezeka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia mbili. Tukapunguza mwendo wa nakala hadi mstari wa pili ukatua kwenye 50. Sauti ya bibi ikashuka kidogo. Shangazi, ambaye hakujua tulichofanya, alisema, "Hapo ndipo alipo mama."

Najua wapo watakaonijibu kwamba sikio linatosha, na kwamba mambo haya ni ya studio na makumbusho. Nakubali kwamba sikio ndilo hakimu wa uzuri, na simlaumu anayesikiliza MP3 akiwa kwenye daladala. Kwa kusikiliza inafaa kabisa. Lakini nakala ya kusikiliza ni tofauti na nakala mama, ile ambayo nyingine zote zitatoka kwake baada ya kanda kuoza. Sikio la mtu mzima mara nyingi haliwezi kuthibitisha kilicho juu ya hezi 16,000, kwa kuwa umri umeshalipunguzia masafa ya juu. Sikio haliwezi kukuambia kwamba mwendo umezidi kwa asilimia mbili ikiwa hukumjua mwimbaji. Anayetaka kutunza anahitaji shahidi wa pili, na shahidi huyo ni picha.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya redio za taifa na vyuo. Ni kweli taasisi zina wajibu mkubwa, na ninatamani kila kanda iliyobaki katika maghala yao ihamishwe kwa kipimo kinachostahili. Wanamaktaba wa sauti duniani wanapendekeza kisipungue sampuli 48,000 na biti 24. Lakini taasisi hazina dua ya bibi yangu. Hazina hotuba ya babu yako kwenye matanga, wala ngano alizowasimulia wajukuu mbele ya redio yenye kitufe chekundu. Hazina vikundi vingi vya taarabu vya mitaani ambavyo havikuingia studio hata siku moja, na ambavyo kumbukumbu yake pekee ni kaseti ya harusi ya mtu. Kumbukumbu hiyo imo kabatini kwetu, na haina mlinzi mwingine.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu wa TEHAMA: wafundisheni watoto kuuliza mashine maswali, siyo kuandika barua na kutengeneza jedwali tu. Mpeni mwanafunzi faili lililokatika kichwa, mwambieni atafute sauti iliyomo ndani. Siku moja itamtosha kuelewa kwamba ujumbe wa hitilafu ni mwanzo wa uchunguzi. Kwa wenye maduka ya kuhamisha kaseti: mpeni mteja faili kamili la WAV au FLAC pamoja na MP3 yake ya kusikilizia, mwandikieni kwenye karatasi mlitumia kipimo gani na mashine gani, na mrudishieni kanda yake. Kwa familia: usiache mbachao kwa msala upitao. Kaseti isitupwe kwa sababu faili limepatikana, na faili lisifutwe kwa sababu kioo kimekuwa cheusi. Linakili, lipime ukubwa wake, soma herufi zake za mwanzo, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukishindwa, andika ulichokiona na ulichojaribu, uliweke pembeni mpaka atokee anayejua zaidi yako. Kufuta ndiyo hatua pekee ambayo haina marekebisho.

Dua ya bibi sasa imo kwenye diski tatu, mbili Tanga na moja kwangu. Faili la kwanza, lile lenye kichwa cha sifuri, tumelihifadhi kama lilivyokuwa. Bati la biskuti bado liko kabatini kwa shangazi, na kaseti iliyokatika imo ndani yake, kipande kilichokunjamana kimefungwa kwenye karatasi nyeupe yenye tarehe. Hatukutupa chochote. Nawe, kabla hujatupa cha kwenu, kitazame mara ya pili.